Dume la Malongo Kwenye Chemchemi

Wiki ile bando la Dafroza lilikuwa likiisha kabla jua halijapanda. Anaweka asubuhi, anachemsha uji, akirudi kwenye simu anakuta ujumbe kwamba limekwisha. Na simu yenyewe, ya kupangusa, yenye miezi miwili tu tangu ainunue, ilikuwa imejaa picha za watu asiowajua: maharusi, ng'ombe, vijana juu ya pikipiki wamebenua midomo. Jumapili baada ya misa alikaa kibarazani akafuta kama mia tatu, akianza na za ng'ombe, maana ng'ombe aliwachoka siku nyingi. Jumanne zikawa zimeshuka nyingine. Akapanda bodaboda kutoka Kibimba hadi mjini Ngara, kwa yule aliyemuuzia.

Simu hiyo hakuinunua kwa anasa. Alhamisi afisa ardhi alikuwa anakuja kijijini kuamua kesi ya chemchemi. Juvenali, mwenye shamba kubwa la miti, alikuwa ameizungushia waya akidai mpaka wake tangu zamani unapita chini ya maji. Dafroza alijua si kweli. Alikuwepo siku wapimaji walipochimbia bikoni, ile nguzo fupi ya saruji yenye rangi nyekundu kichwani, hatua kumi na tano juu ya chemchemi, maji yakabaki upande wa kijiji. Alikumbuka hadi shati la mpimaji. Lakini kila alipokwenda ofisini aliambiwa alete ushahidi. Ramani iko kabatini, kabati lina ufunguo, na ufunguo umesafiri. Mwaka wa tatu huu umesafiri. Bikoni nayo ilishang'olewa, pakapandwa miti. Kumbukumbu ya mwanamke mkulima haina muhuri, kwa hiyo haikuhesabika. Ndiyo maana akanunua simu, angalau apige picha ule waya kabla nao haujaitwa wa tangu zamani.

Frednand, mwenye duka la simu pale karibu na stendi, alimwamkia shikamoo bila kumtazama usoni. Dafroza akaitikia marahaba, akaweka simu juu ya kioo cha meza, akauliza hawa maharusi ni akina nani na kwa nini wanakula bando lake.

Frednand alizunguka maneno, akataja mtandao, akataja hali ya hewa. Mwisho akasema kweli. Tangu mwaka 2016 wateja wake karibu wote walikuwa hawana barua pepe, na simu haiwaki vizuri bila hiyo. Basi akafungua akaunti moja, akawawekea wote. Kila simu aliyouza ilikuwa inapandisha picha zake kwenye ghala lile lile la mtandaoni, kwa bando la mwenye simu, na yeyote mwenye akaunti ile akawa anaziona za wenzake.

"Wameshakuja kugombana hapa, mama," alisema. "Mmoja mkewe alikuta picha ya bibi harusi mgeni. Sasa ghala limejaa, na kila simu inalalamika. Leo nafuta zote, tuanze upya."

"Kabla hujafuta, nionyeshe."

Frednand akageuza kompyuta. Picha elfu arobaini na moja. Dafroza akavuta kigoda, akakaa. Picha zilipita mbele yake kama mto. Watoto wa komunio ya kwanza wenye soksi nyeupe. Mihogo imeanikwa juu ya mwamba. Jeneza limefungwa kwenye baiskeli. Shule kabla haijaezekwa, na shule ile ile upepo ulipokwisha kung'oa bati. Kina mama wanamcheka mtu asiyeonekana. Aliona ahadi za kampeni zimeandikwa ukutani, na ukuta wenyewe ukimomonyoka mwaka hadi mwaka, maandishi yakiondoka nao. Miaka yote alidhani ni yeye peke yake anayekumbuka. Kumbe watu walikuwa wanakumbuka bila kujua, kila mmoja kipande chake, na vipande vyote vimelala mahali pamoja.

"Mazishi ya Gaspari katekista," alisema taratibu. "Julai 2017. Tulimzika Jumapili. Bikoni iliwekwa Jumatano yake."

Frednand akarudisha picha nyuma hadi mwezi huo. Mazishi yalikuwepo, hata yeye Dafroza akionekana mgongo. Jumatatu ipo, Jumanne ipo. Jumatano, tupu.

"Mama, hukufuta kitu humo?" Frednand aliuliza. "Maana ukifuta kwenye simu yako, umewafutia wote."

 Dafroza akajibu kwamba alifuta Jumapili, kama mia tatu. Za ng'ombe kwanza.

Frednand akafungua kapu la taka, ambalo hukaa na vitu siku sitini kabla ya kuviteketeza. Na humo, katikati ya ng'ombe mia mbili na ushee, alisimama dume jekundu maji yakimfika magotini. Nyuma yake mwamba uliopasuka wa chemchemi. Juu zaidi, mlimani, nguzo ya saruji mbichi yenye kichwa chekundu, na pembeni yake miguu mitatu ya kipimo cha wapimaji. Dafroza alikuwa amelitupa kwa kidole chake mwenyewe.

Dume lile alilijua. Lilikuwa la Malongo, Msukuma aliyechunga Kibimba miaka ile na kununua simu hapo hapo kwa Frednand, naye Dafroza ndiye aliyepuliza filimbi kijiji kilipomfukuza.

Frednand akamwambia basi aichapishe kwenye karatasi, nani atajua kwamba si yake. Dafroza akamwagiza airudishe picha mahali pake, azime upandishaji wa picha kwenye simu yake yeye Dafroza, wala asifute kitu hadi arudi.

Jumatano akapanda gari la Biharamulo. Alimkuta Malongo Runazi, alikohamia, anapukuchua mahindi uani. Mzee yule alisikiliza habari yote bila kuacha kupukuchua.

"Ulinitoa Kibimba kwa filimbi, Dafroza," alisema. "Leo umekuja kwa picha."

"Nilikutoa. Maharage yangu yaliliwa hadi mizizi, na hasira ninayo bado. Lakini picha ni yako. Siwezi kuichukua kama Juvenali anavyochukua maji."

Malongo akafuta mikono, akaomba simu. Akalitazama dume. Akapangusa, ikaja nyingine, na nyingine, halafu kidole kikasimama. Mwanamke mwenye kitambaa cha njano alikuwa amempakata ndama, anacheka. Mkewe. Alifariki mwaka uliofuata, na simu ilizama mtoni wakati wanahama.

"Nilidhani aliingia majini na ile simu," alisema. Kuku wakaanza kula mahindi, na Dafroza hakuwafukuza. "Nitakuja mwenyewe. Ila siku ukiniona na ng'ombe..."

"Nitapuliza filimbi."

"Puliza."

Alhamisi afisa ardhi alishika karatasi iliyochapishwa ile picha mbele ya macho, akasogea kushoto, akasogea kulia, hadi mwamba wa kwenye picha na mwamba wa Mungu ikakaa sawasawa. Malongo akasimama pale aliposimama siku ile. Kutoka kwenye chemchemi wakahesabu hatua kumi na tano kupanda, wakaishia katikati ya miti ya Juvenali. Pigo la tatu la jembe likagonga kitu kigumu. Wakafukua kwa mikono: kisiki cha saruji kilichobaki ardhini bikoni ilipovunjwa, nondo zimechomoza. Umati ukasogea kutazama. Juvenali akaanza kutafuta kitu kwenye simu yake. Afisa akaandika, akagonga muhuri juu ya paja lake, akasema waya uwe umetoka kabla ya Jumamosi.

Kugawa picha kulichukua majuma mawili. Frednand aliita wateja, na zile ambazo hazikuwa na wenyewe Dafroza alikaa kigodani akazitaja: huyu ni wa Leonsia, hiki ni kisima cha Rulenge. Za Malongo zilichapishwa kwenye karatasi, ya mwenye kitambaa cha njano ikiwa kubwa kuliko zote. Kisha kila simu ikapewa akaunti yake, na za watu zikaondoka kwenye simu ya Dafroza, zikabaki za waya, na dume moja alilopewa kwa ruhusa.

Asubuhi yake aliweka bando, akachemsha uji kwa maji ya chemchemi. Aliporudi, bando lilikuwa pale pale.