Majibu ya Damu ya Mwaka Themanini na Nne

Jumamosi ya kwanza ya Agosti 1995, saa tatu asubuhi, Angetile alikuwa sokoni Lyulilo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, akisubiri kufungiwa usipa. Chuo kikuu cha serikali alikokuwa akisomea udaktari, mwaka wa tatu, kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya mgomo wa posho, naye alikuwa amerudi Matema kumpikia baba yake. Muuza usipa alikuwa Zuena, ambaye wazazi wake walitoka Kilwa wakafungua duka hapa kabla barabara haijafika. Zuena alipasua ukurasa wa gazeti la wiki iliyopita, akamwaga usipa katikati, kisha akasita.

"Soma kwanza, mwanangu, kabla maji ya samaki hayajalilowesha," alisema. "Kuna habari za chuoni kwenu."

Lilikuwa tangazo dogo, chini ya bei za saruji. Chuo kilikuwa kimepata fungu la ruzuku ndogo za utafiti wa afya, na kwa mara ya kwanza ruzuku hizo zingetolewa kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Mwombaji awe na mada, awe na sampuli, awe na saini ya mhadhiri. Angetile alilisoma mara mbili. Miaka hiyo kila kitu chuoni kilikuwa cha kuchangia, kuanzia godoro hadi glavu, na darasa lake la watu arobaini lilikuwa likipokezana hadubini moja. Tangazo la kutoa kitu bure lilihitaji kusomwa mara mbili.

Alikuwa bado amelishika pale mtumbwi wa vyungu kutoka Ikombe ulipogota mchangani. Kina mama wa Kikisi walianza kushusha vyungu vyao, na kutoka kwenye chungu cha tatu vikatoka vioo vya damu. Vilikuwa vile vioo vyembamba vya maabara, vya urefu wa kidole, kila kimoja na tone lililokauka katikati na kikaratasi cha namba pembeni. Vilishuka kwa ubavu, kimoja kimoja, vikapanga foleni nyuma ya wanunuzi wa usipa. Vilikuwa mia tatu na kumi na viwili. Mtoza ushuru alitafuta kwenye kitabu chake kiwango cha vioo visivyo na mwenyewe, hakukiona, akaviacha vipite.

"Ni zile damu zetu," alisema mama mmoja wa vyungu. "Zimechelewa."

Watu wazima walizikumbuka. Mwaka 1984 ulikuja mradi wa kuchunguza homa, magari mawili na hema moja, ukatoboa watu vidole kuanzia Matema hadi Ikolo. Wenye mradi waliwaambia watu kwamba majibu yangekuja baada ya wiki sita, na kwamba mpaka hapo mtu asimeze dawa ya homa, maana dawa ingewaharibia hesabu. Wakaondoka na masanduku ya barafu. Watu walingoja. Baadaye wengi walichoka kungoja, na wengine walikufa wakiwa bado wanangoja.

Elizabeth, mama yake Angetile, alikuwa mmoja wa hao. Angetile alikuwa na miaka kumi na mmoja, na aliyakumbuka yote. Baba yake, Asajile, alileta vidonge kumi vya klorokwini kutoka dukani kwa Zuena. Mama akiwa kitandani anatetemeka alivihesabu, akaikunja mara nne karatasi iliyovifunga, akaomba viwekwe juu ya kenchi. "Majibu yakija nitameza," alisema, kwa kuwa alikuwa mtu wa kushika neno alilopewa. Wiki ya saba alizikwa. Tangu hapo Asajile alikuwa ameezua paa na kuezeka upya mara moja, na fundi aliambiwa aizunguke ile karatasi.

Nini kilimuua, hakuna aliyejua. Ukoo wa baba ulisema homa. Ukoo wa mama ulimtaja mtu kwa jina, kuwa ndiye aliyemroga, na nyumba mbili zikaacha kusalimiana. Angetile aliingia udaktari ili ajue, ingawa kwenye fomu ya chuo aliandika kwamba anapenda kuitumikia jamii.

Kufika adhuhuri vioo vingi vilikuwa vimeshakwenda kwa wenyewe. Vya Ikolo vilipanda lori la mchele. Mzee mmoja alikuta chake kimekaa kwenye kiti chake, akakiomba kisogee. Lakini tisini na vinne vilibaki pale sokoni, chini ya banda la vyungu, vimesimama kama wageni ambao hakuna aliyekuja kuwapokea. Vyote vilikuwa vya wanawake walioolewa.

Sababu yake ilijulikana. Karani wa mradi alikuwa ametoka mbali. Alimuuliza kila mwanamke jina lake na jina la ukoo wa mume. Sasa huku mkamwana hamtaji baba mkwe wake kwa jina, hamtazami usoni, na akimwona njiani hupinda kichakani mpaka mzee apite. Na jina la ukoo wa mume ndilo jina lenyewe la mzee. Basi wanawake walitazama chini. Karani alidhani wanaona haya, au hawajui, hakuuliza, akachora kistari. Wanawake tisini na wanne, vistari tisini na vinne, na kioo chenye kistari hakijui kiende nyumba ya nani.

Angetile alivitazama vioo, akalitazama gazeti. Mada ilikuwa imesimama mbele yake mchangani, na sampuli pia.

Alikwenda kwa Doreen, mpimaji wa zahanati. Zahanati ilikuwa na hadubini ya jicho moja yenye kioo cha kudaka mwanga wa jua. Siku za mawingu kila mgonjwa wa Matema alikuwa na malaria, apende asipende. Doreen alimsikiliza hadi mwisho huku akifuta meza.

"Na utajuaje kipi cha nani?"

"Mama wa vyungu ameshajaribu. Ukishika cha kwako, damu inalowa. Cha mwenzio kinabaki kikavu."

"Basi shida si vioo," Doreen alisema. "Shida ni wazee. Wamama hawawezi kujaa sokoni na wakwe zao wanapitapita."

Mwenyekiti wa soko, mzee Kenani, mwenye wakamwana watano, alilimaliza hilo. Alitangaza kwamba Jumanne, kuanzia alfajiri hadi adhuhuri, hakuna baba mkwe wa kupita Lyulilo, na yeye mwenyewe akawa wa kwanza kujifungia ndani. Wazee walishinda majumbani wakilalamikia usipa.

Wanawake walikuja. Kila mmoja alishika kioo hiki, akakirudisha, akashika kile, mpaka tone lilipolowa na kuwa jekundu mkononi mwake. Angetile aliandika jina lake, na badala ya ukoo aliandika mahali: nyumba ya chini ya kijito, nyumba ya pili kutoka kanisani. Hakuna aliyelazimishwa kumtaja mtu. Waliokufa waliwakilishwa na binti zao, na vioo viliwakubali. Adhuhuri ilipofika vilikuwa vimechukuliwa tisini na vitatu. Kile kimoja kilikuwa mfukoni mwa Angetile tangu asubuhi, na mfuko ulikuwa umelowa.

Doreen ndiye aliyegeuza kikaratasi cha kimoja akaona wino wa kijani. Akageuza kingine. Kila kimoja, nyuma ya namba, kilikuwa na alama ya wingi wa vijidudu: vingine sifuri, vingine jumlisha moja, vingine mbili.

"Angetile," alisema. "Hivi vimesomwa zamani. Vyote."

Kile cha mfukoni kilikuwa na jumlisha tatu.

Alikiweka kwenye hadubini hata hivyo, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa. Vijidudu vilikuwa vimejaa kama mchele kwenye ungo. Ilikuwa malaria, ile ya kila siku, ya vidonge vya dukani kwa Zuena. Angetile alilia palepale, jicho likiwa kwenye hadubini, kwa uchungu na kwa hasira, na alishindwa kujua lipi ni kubwa zaidi. Doreen aliendelea kushika kioo cha jua, ili Angetile asipoteze mwanga kabla hajamaliza.

Chuo kilipofunguliwa, Angetile alipanda basi na fomu yake. Mhadhiri pekee wa idara aliyekubali kusaini fomu za wanafunzi wa shahada ya kwanza alikuwa Profesa Lameck, mtu mpole, mwenye mvi za mapema, ambaye alisahihisha mitihani kwa kalamu ya kijani. Angetile alimwamkia, akaweka fomu mezani, na juu ya fomu akaweka kioo.

Profesa alikiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Nilidhani mtu wa stoo alivitupa," alisema. "Vilikuwa mia tatu na kumi na viwili."

"Vimefika vyote, Profesa. Vimeshakwenda kwa wenyewe."

"Vizuri. Njia ni ndefu ile."

"Na majibu mlikuwa nayo."

"Ndani ya wiki nne. Nilivisoma mwenyewe, nilikuwa kijana, macho mazuri." Alikiweka kioo chini taratibu. "Mfadhili alilipia kuchukua, kusoma na kuandika. Kurudisha hakukuwa na fungu."

"Mliwaambia wiki sita. Mliwaambia wasimeze dawa."

"Ilibidi tuseme kitu," alisema Profesa. Alivua miwani, akaivaa tena. "Huyu alikuwa nani?"

"Mama yangu."

"Pole sana," alisema, na ilionekana ameumia kweli. Kisha akaisoma fomu yote, akaisifu, akaisaini. Juu ya jina la Angetile aliandika jina lake, kwa kuwa huo ndio ulikuwa utaratibu wa idara. Alipofika kwenye bajeti, mstari wa tano, uliosema *Kurudisha majibu kwa wenye damu*, aliukata kwa kijani.

"Hiki hakilipiwi mpaka leo," alisema. "Ukikiacha, watakunyima vyote."

Angetile alikirudisha kioo mfukoni, akaenda kuinakili bajeti upya bwenini. Ule mstari wa tano aliufuta, na fedha zake zote akazihamishia kwenye mafuta ya hadubini, ambayo sasa yangetosha kukaangia samaki wa Lyulilo nzima. Ulikuwa uongo wake wa kwanza wa kitaalamu, na aliuandika kwa mwandiko mzuri.

Novemba waliopata ruzuku walitangazwa. Walikuwa kumi na wawili, yeye wa nne. Habari ilifika Matema kabla ya barua yake, imefunga sukari, na Zuena aliibandika ukutani karibu na mizani ili kila mteja aisome akitaka asitake. Desemba Angetile alirudi na boksi la sindano, chupa za rangi ya kupimia na chupa moja, ndogo tu, ya mafuta ya hadubini.

Kuanzia hapo Jumanne ikawa siku ya wakamwana. Asubuhi Angetile alitoboa vidole, Doreen akadaka jua, na kabla ya adhuhuri kila mwanamke alikuwa na jibu lake, na mwenye kuhitaji vidonge alikuwa navyo mkononi. Mawingu yakija, walingoja jua pamoja, wakisuka ukili. Jumanne ya kwanza mtoto wa mama wa vyungu alikutwa na jumlisha mbili, na Jumanne ya pili alikuwa akifukuza bata wa watu. Nyumba zile mbili zilizokuwa hazisalimiani zilipelekewa habari, zikafikiria wiki mbili, kisha upande mmoja ukatuma ndizi.

Makala ya utafiti ilichapishwa baadaye na jina la Profesa Lameck. Angetile alishukuriwa mwishoni, kwa herufi ndogo, pamoja na dereva. Na ule mradi wa 1984 haujaandikia Matema hata barua moja mpaka leo.

Jioni ya Jumanne ile ya kwanza ya Desemba Angetile alimkuta baba yake akikusanya kakao iliyoanikwa. Alikuwa hajamwambia. Tangu Agosti alikuwa akitafuta mdomo wa kusemea.

"Tata," alisema, "majibu ya mama yamekuja."

Asajile aliweka ungo chini. "Yanasemaje?"

"Malaria. Nyingi. Ile ya vidonge."

Mzee alitikisa kichwa polepole, mara kadhaa. "Ndaga, mwanangu," alishukuru. "Ndaga fijo."

Aliingia ndani, akapanda juu ya kigoda, akaishusha ile karatasi kutoka kwenye kenchi, akaipuliza vumbi. Akachota kikombe cha maji kutoka kwenye chungu, akakiweka mezani, na karatasi pembeni. Kisha akanyoosha mkono, na Angetile akampa kile kioo, naye akakiegemeza kwenye kikombe.

"Alisema majibu yakija atameza," Asajile alieleza.

Wakala wali na usipa, wakalala.

Asubuhi kikombe kilikuwa kitupu. Vidonge vinne havikuwepo, sita vilibaki, na karatasi ilikuwa imekunjwa tena mara nne. Mama hakuwa amerudi, na kitanda cha upande wa pili kilikuwa kimetandikwa kama siku zote. Angetile alisimama akivitazama vile sita, akikumbuka kwamba muda wa kuvitumia ulikwisha miaka mingi iliyopita, akaamua hilo asiliseme.

"Ninyi wa chuo," aliuliza baba yake nyuma yake, "mnasema vinamezwa siku ngapi?"

"Siku tatu, tata."

"Basi bado siku mbili," alisema Asajile, akachukua kikombe, akaenda kuchota maji mengine.