Chumvi Isiyo na Sodiamu

Nimefundisha kemia miaka kumi na tisa, na ujuaji ndio ugonjwa wangu. Sikatai. Nyumbani kwetu mtu hafui nguo wala hamezi kidonge bila mimi kutia neno.

Baba alikuwa na presha, na figo zake zilishaanza kuchoka. Daktari akampigia marufuku chumvi. Basi mzee akasusa kula, akakonda mpaka saa ikawa inamteleza mkononi. Mama akimwekea sahani, mzee anasema, "Mboga hii hata mbuzi angeomba chumvi." Mama anacheka, kisha anakwenda jikoni kufuta machozi. Iliniuma sana.

Ndipo nikajitia ujuzi. Nilimnunulia kopo la chumvi ya potasiamu, nikamketisha na kumfundisha kama wanafunzi wangu. Chumvi ya kawaida, nikamwambia, ni sodiamu na klorini. Sodiamu ana elektroni moja kwenye mzingo wa nje, anampa klorini. Aliyetoa anabaki na chaji chanya, aliyepokea anapata chaji hasi, na chaji hizo zinavutana; huko kuvutana ndiko kifungo chao. Wakishakuwa hivyo tunawaita ioni.

"Kumbe ni ndoa," akasema.

"Acha utani, baba. Anayekudhuru ni sodiamu. Tunamtoa, tunamweka potasiamu, naye anatoa elektroni moja vilevile. Kifungo ni kilekile."

"Na daktari anasemaje?"

"Kemia nafundisha mimi, baba, si daktari."

Kopo alilificha kwenye mfuko wa koti, maana mama asingekubali kitu ambacho hakikuandikwa na daktari. Wiki tatu alikula akashiba. Mama, masikini, akadhani ni mapishi yake.

Kisha siku moja asubuhi miguu ikamlegea na mapigo ya moyo yakavurugika. Hospitalini daktari alisoma majibu ya damu, akauliza, "Potasiamu imepanda mno, na figo zake haziwezi kuitoa. Amekuwa akitumia nini?"

Kila mwaka nawafundisha watoto wa watu kwamba chumvi ikiyeyuka, ioni huachana, kila moja ikaenda zake. Nilikuwa nimefikiria kifungo tu. Sikufikiria potasiamu ikiwa peke yake ndani ya damu ya baba yangu, haina pa kutokea. Nikafungua mdomo, baba akaniwahi.

"Nilijinunulia chumvi nyingine," akasema kwa sauti ndogo. "Ulafi tu, daktari. Nyumbani hawajui."

Alinikazia macho mpaka nikanyamaza. Walijaribu kila walichoweza, lakini saa nane mchana alikata roho.

Sasa ni mwezi wa tano tangu tumzike, na mama bado ana hasira naye. Juzi tulikuwa tunakunja nguo zake za kugawa. "Baba yenu angenisikiliza angekuwa hapa," akasema. "Kaniacha peke yangu kwa sababu ya ulimi wake."

"Ndiyo, mama," nikamjibu, nikachukua shati jingine.