Dakika Hamsini Hamsini

Kilisikika kwanza kikohozi cha kipaza sauti, kisha sauti ya mwanamke iliyopakwa asali: "Abiria wetu wapendwa, safari yenu imesogezwa mbele kwa dakika hamsini. Tunaomba radhi."

Ilikuwa mara ya nne.

"Ndege ya hawa ina mabawa lakini inakwenda kwa magoti," alisema mwalimu mstaafu. Watu wakacheka kicheko cha njaa. Fundi wa kuchomelea, aliyeketi kando yake, hakucheka. Alfajiri dada yake alimpigia kutoka hospitali, katika mji ambao kwa basi ni mwendo wa siku mbili. Mama hafiki jioni, alisema, na jina analolitaja ni moja tu, lako, kitinda mimba wake.

Fundi akaenda kaunta. Nyuma ya msichana mwenye skafu shingoni, tangazo la haki za abiria lilibandikwa ukutani, nusu limefunikwa na kalenda ya kampuni. Alisoma nusu iliyobaki, kidole hewani kama mtoto wa darasa la kwanza: anayecheleweshwa zaidi ya dakika mia moja na ishirini ana haki ya kuhamishiwa ndege ya kampuni nyingine siku hiyo hiyo.

"Nihamishe, dada yangu. Ile pale inaelekea huko huko." Nje ya kioo, ndege ya wenzao ilikuwa bado imeegemezwa ngazi.

"Kaka, wewe umecheleweshwa dakika hamsini."

"Mara nne."

"Kila tangazo linahesabiwa peke yake. Likitoka jipya, la zamani limekufa."

"Hesabu hiyo sikuwahi kuifundisha," mwalimu alisema kutoka kitini.

Fundi akaweka mikono juu ya kaunta. Ilikuwa na makovu ya cheche hadi kwenye viwiko. "Mama yangu anakata roho."

Msichana aliacha kuandika. Akautazama mlango wa meneja, akashusha sauti. "Tumekatazwa kutangaza zaidi ya hamsini. Tukitaja muda wenyewe, itabidi tuwahamishe wote. Aliyekaa kiti hiki kabla yangu aliutaja." Hakumalizia.

"Na ndege yetu iko wapi?"

"Karakana. Tangu jana."

Mlango ukafunguka. Meneja akatoka na kikombe mkononi, shati limenyooka kama karatasi. "Kuna shida?"

"Hakuna, bosi," msichana aliwahi. "Namwelewesha abiria."

"Kaa tu, ndugu yangu. Tutawatangazia." Akampiga fundi begani, kwa upole, kama mtu anayefunga droo.

Nje, ngazi ilivutwa kando. Ndege ya wenzao ikageuka taratibu, ikashika njia, ikapaa. Fundi aliifuata kwa macho mpaka ikawa kama inzi, kisha ikawa si kitu.

Simu ikatetemeka.

"Umefika wapi?" Dada yake hakungoja jibu. "Namwekea sikioni. Sema naye, fanya haraka."

Upande wa pili palikuwa na pumzi moja, nzito, yenye mikwaruzo. Kisha kimya. Kimya kikawa kirefu mno. Kisha nyingine.

Fundi akaupa ukumbi mgongo, paji la uso kwenye kioo.

"Mama, ni mimi. Nimeshapanda. Niko angani, nakuona kwa chini. Natua sasa hivi, Mama, nakuahidi. Usilale mpaka nikushike mkono."