Soprano wa Gurudumu la Kushoto

Jana mchana, baada ya wali wa maharage, nilijilaza kochini kwa dakika kumi tu, nikaota gari letu limekuja kututembelea.

Lilipiga hodi kama mtu aliyelelewa vizuri. Lilifuta magurudumu yote manne kwenye gunia la mlangoni, likainama lisigonge fremu, likaingia sebuleni. Ni gari la viti saba, kubwa, lililoinuka juu, rangi ya chai ya maziwa. Sikushangaa kuliona ndani. Kilichonishtua ni kwamba lilikwenda moja kwa moja kukaa kwenye kiti cha mama mkwe wangu, kiti ambacho hata mchungaji akija hakikalii.

"Shikamoo, Mwalimu," likasema.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo kidogo. Saa tisa tunashuka mlima, nimeona nipite kukuaga."

Hilo la saa tisa lilikuwa kweli, ndotoni na nje ya ndoto. Mama mkwe, aliyekaa kwetu Lushoto wiki tatu, alikuwa anarudi kwake Same. Mke wangu Nakijwa ndiye angeendesha kumpeleka Mombo akapande basi, na binti zetu wawili, Elineema na Sifaeli, wangekwenda naye kwa sababu ya machungwa ya pale chini. Mimi ningebaki. Nilikuwa na mazoezi ya kwaya.

"Kukuaga maana yake nini?" nikauliza. "Si mtarudi jioni?"

Gari likanitazama kwa taa zote mbili, halafu likasema, "Naomba kuvua kiatu." Likafungua gurudumu la mbele la kushoto, likaliweka mlangoni karibu na kandambili za watoto.

Nakijwa anatoka jikoni. Anachomoa diski ya brek pale mguuni kwa gari, anaipangusa kwa kanga, anapakua wali juu yake na kumwekea mama yake mezani. Mama mkwe anashukuru. Ananawa. Lakini kila akisogeza mkono, wali unaruka. Punje zinadundadunda, maharage yanakwenda upande mmoja na kurudi.

"Sahani hii imepinda," anasema mama mkwe, bila kulaumu.

"Nimepinda, ndiyo," inajibu diski. "Mwulize mkweo. Kila akifika Mombo, mimi nimeiva kwa moto wa mlima mzima, yeye anachukua dumu na kunimwagia maji baridi."

"Watu wote wanafanya hivyo pale," nikasema. "Kuna foleni kabisa ya madumu."

"Sijasema uko peke yako," ikajibu diski. "Nimesema nimepinda."

Nikaona aibu, maana mama mkwe alikuwa anakula wali wa kurukaruka kwa heshima kubwa, akiudaka punje kwa punje, asije akanivunjia hadhi yangu. Nageuka kumtafutia kijiko, na tayari tuko kanisani.

Tuko pale jukwaani kwa kwaya. Magurudumu matatu yamesimama mstari, yamevaa majoho yetu ya zambarau. Ya nyuma ni tenor na besi, la mbele kulia ni alto. Pale pa soprano kuna kiti kitupu. Ninapokitazama vizuri, naona si kitupu. Amekaa juu yake mwanamke wa chuma, urefu wake hauzidi ukucha wa kidole gumba, amepinda kidogo kiunoni, na joho lake limekatwa kumtosha. Shingoni ana alama za meno ya koleo.

Nilimtambua palepale.

"Wewe si ulitupwa?" nikamwuliza.

"Nilitupwa kwenye kopo la oili chafu," akasema. "Oili haina neno, inatunza. Kaa chini, Mwalimu, tusome muhtasari wa kikao kilichopita."

Akafungua daftari dogo na kusoma, kwa sauti nyembamba isiyo na hasira hata chembe:

"Mwalimu Shekiondo alifika gereji ya Fundi Hozza siku ya Ijumaa. Alilalamika kwamba gurudumu la mbele la kushoto linaimba. Alisema yeye huwasikiliza waimbaji wake kwenye redio ya gari akiwa njiani, na kila akikanyaga brek, gurudumu linaingia na noti ya la, wakati soprano wake wanatakiwa kuanzia so. Fundi alimweleza kwamba kinacholia ni kibati, na kwamba kimewekwa pale makusudi. Pedi ya brek ikibaki nyembamba, kibati kinaigusa diski na kulia, ili mwenye gari asikie akabadilishe. Fundi alisema pedi mpya zinafika kutoka Tanga Jumanne. Mwalimu alisema mashindano ni Jumapili. Mwalimu aliagiza kibati kikatwe."

Akanyanyua uso. "Kuna marekebisho?"

"Andika kwamba Fundi alikataa mara mbili," nikasema. Mimi ni mtu wa haki.

"Mara tatu," likasema gurudumu la besi.

"Mara tatu," akaandika. "Na aliponikata, alimwambia nini Mwalimu?"

"Asishuke mlima," likasema la alto.

"Mashindano yalikwendaje?"

"Tulishika nafasi ya nne."

"Kati ya kwaya ngapi?"

Nilikohoa. "Tano."

Akaandika na hiyo. "Jumanne?"

"Jumanne ilipita."

"Jumanne iliyofuata?"

"Nayo ilipita. Tulikuwa na msiba wa mzee wa kanisa, halafu kukawa na ubatizo."

"Mama Elineema aliuliza kuhusu zile kelele?"

Yale magurudumu yalinigeukia kwa pamoja, kama waimbaji wanavyomgeukia mwenzao anapokosea kuanza wimbo.

"Aliuliza," nikasema. "Nilimwambia brek zimeshughulikiwa."

Kibati akafunga daftari. "Basi tusome kanuni, kisha tushuke. Kanuni iko moja tu. Kinachosagwa kikiisha, kinasagwa kilicho jirani yake."

"Hiyo naijua," nikasema. "Pedi ikiisha, chuma kinakula diski."

"Na diski ikiisha?"

Nafungua mdomo nijibu, na nimeshika usukani. Tuko juu ya Soni, kwenye barabara ya kushuka mlima, bonde liko kushoto, lile bonde ambalo mimi nikilipita huwa natazama kulia. Mama mkwe amekaa mbele pamoja nami, kikapu cha ndizi kimemkalia mapajani. Nakijwa na watoto wako nyuma. Hali ya hewa ni nzuri sana.

Kona ya kwanza. Nakanyaga brek. Gari linapunguza mwendo kama kawaida, nami nashusha pumzi.

"Mkwe," anasema mama mkwe, "mbona mkanda umenilegea?"

Namtazama. Amepungua. Si kwamba amekonda. Amekuwa mwembamba kutoka mbele kwenda nyuma, upana wake uleule, unene wake kama godoro la mtoto. Na kikapu cha ndizi kiko salama kabisa.

Kona ya pili. Nakanyaga kidogo tu, kwa ncha ya kiatu. Mama mkwe anakuwa kama chapati. Anaitazama mikono yake, anaigeuza, anaikunja na kuikunjua.

"Punguza kukanyaga, baba," ananiambia kwa upole. "Nakwisha."

"Nisipokanyaga tutaanguka, mama."

"Ndiyo, naelewa. Basi kanyaga kwa kiasi."

Ilinishtua jinsi alivyoelewa haraka. Kona ya tatu ikaja, nikakanyaga kwa kiasi, na mama mkwe akafungua mkanda, akajifunga kitenge vizuri, akaniagiza nimsalimie mwanawe, akapenya kwenye upenyo wa mlango kama barua. Nikasikia huko chini, kwenye gurudumu la kushoto, kitu kikianza kusagwa. Hakikulia. Na hicho ndicho kilichonitisha, kwamba hakikulia.

"Mama amekwenda wapi?" Nakijwa anauliza kutoka nyuma.

"Amekwenda mbele," nasema.

"Mbele ipi? Mbele si uko wewe?"

Kona ya nne. Natazama kioo cha katikati. Nakijwa amekuwa unene wa jalada la daftari. Elineema na Sifaeli wamekaa ubavuni pake, karatasi mbili, mmoja anapeperuka kila upepo ukiingia dirishani na mwenzake anamshikilia asitoke. Wanacheka. Wanadhani ni mchezo, kwa sababu mimi baba yao ndiye ninayeendesha.

"Baba Elineema," anasema Nakijwa. Sauti yake imekuwa ya karatasi, inachakacha. "Si ulisema hizi brek zimeshughulikiwa?"

Hapa ndipo ningeweza kusema. Hata ndotoni niliona kabisa kwamba hapa ndipo. Maneno yalikuwa matatu au manne, na barabara ilikuwa imenyooka kwa muda.

"Zimeshughulikiwa," nikasema.

"Sawa," akasema Nakijwa.

Aliniamini. Akiwa amebaki unene wa jalada la daftari, mama yake ameshasagwa, watoto wanapeperuka, bado aliniamini, akaegemea kiti na kuanza kuwatengenezea watoto nywele zilizokuwa michoro tu. Nimeota ndoto nyingi za kuanguka, za kukimbizwa, za kusimama mbele ya kwaya bila suruali. Hakuna hata moja iliyowahi kunishtua kama lile neno moja, sawa.

Kona ya tano inakuja. Ni ile kali, yenye maporomoko ya maji upande wa pili. Nyuma nasikia mikanda inafunguka, klik, klik, klik. Nakijwa anawaambia watoto, "Twendeni, zamu yetu."

"Kaeni!" napiga kelele. "Kaeni hapohapo!"

"Kanuni ni kanuni, Baba Elineema," anasema mke wangu. "Jirani ni sisi."

Nikanyanyua mguu kwenye brek. Gari likaongeza mwendo. Nikaurudisha mguu, Sifaeli akawa nuru tupu, naona kiti kupitia kwake. Nikaunyanyua tena. Mguu wangu ukabaki hewani, haujui uende wapi, na mimi nalia wazi, mwanamume mzima, makamasi na kila kitu.

Kibati amesimama juu ya dashibodi, joho linapepea.

"Imba!" nikamwambia. "Tafadhali, imba! Sauti yoyote!"

"Nina wimbo mmoja tu," akasema. "Una neno moja. Niliimba miezi miwili, ukaniambia naharibu so yako."

"Nilikosea!"

"Usiniambie mimi," akasema. "Mimi nilikuwepo."

Kisha akaimba. Ilikuwa noti ya la, safi kabisa, haikuyumba hata unywele mmoja, na katika miaka kumi na tisa ya kufundisha kwaya sijawahi kupata soprano wa namna ile. Neno lenyewe lilikuwa simama.

Nikaamka.

Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na dakika mbili. Sebule ilikuwa tulivu, kiti cha mama mkwe kitupu, sahani zimeondolewa mezani. Nikajifuta uso na kuanza kujicheka, mwalimu mzima naota kwaya ya magurudumu. Ndipo nikahisi kitu kikinichoma kwenye kiganja cha kushoto.

Nilifungua mkono. Kilikuwa kipande cha chuma, urefu wa ukucha wa kidole gumba, kimepinda katikati, kina alama za meno ya koleo. Kilikuwa kinanuka oili chafu. Fundi Hozza alikitumbukiza kwenye kopo mbele ya macho yangu, wiki tatu zilizopita, na hiyo gereji iko mwendo wa nusu saa kutoka kochi langu.

Nje, injini ikawaka.

Sikumbuki kupita mlangoni. Nakumbuka changarawe chini ya mguu mmoja na kandambili ya Elineema kwenye mguu wa pili. Gari lilikuwa limeshaanza kuteremka kule kwenye uwanja wetu, kuelekea getini, polepole, na Nakijwa kwenye usukani. Nikaruka mbele yake, nikanyoosha mikono yote miwili.

"Simama!"

Nikamwona Nakijwa anakaza uso na kukanyaga. Gari halikusimama. Lilizidi kuja, bila haraka, bila kelele yoyote, mita moja, mita mbili, mpaka bampa ikanigusa magotini. Nikaliegemea kwa uzito wangu wote, na Nakijwa akavuta brek ya mkono. Hapo likatulia.

Kioo kikashuka. Sauti yake ilitoka taratibu sana.

"Nimekanyaga mpaka chini," alisema. "Baba Elineema, mguu wangu uko chini kabisa mpaka sasa."

Mama mkwe alikuwa pembeni yake, unene wake kamili, kikapu cha ndizi mapajani. Watoto nyuma walikuwa wanagombania dirisha. Niliwahesabu wote wanne, halafu nikawahesabu tena.

"Mkwe," akasema mama mkwe, "kuna nini, baba? Umevaa kandambili ya mtoto."

Nakijwa hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa anatazama mkono wangu wa kushoto, ambao bado ulikuwa umenyooka kuelekea kioo cha mbele, umefunguka, na kile kibati kikiwa katikati ya kiganja.

"Hicho ni nini?" akauliza.

Nilimweleza, na safari hii nilianzia siku ile ya Ijumaa.