Mtetemo Katika Sauti ya Mama Sikujua

Wilbert ndiye aliyeitamka ile sentensi, na hata angetaka kumsingizia mtu mwingine asingeweza, maana kamati nzima ya kwaya ilikuwa imekaa pale inamtazama yeye. Watu sita kwenye mabenchi ya ofisi ya parokia, Makanyagio, kompyuta iko mezani, spika mbili zinaimba wimbo waliorekodi kwa ajili ya kaseti ya jubilei, ambao wote waliujua kwa moyo. Kwaya ilisikika safi kabisa. Ila kila mwimbishaji wao, Mama Sikujua, alipopanda peke yake na kushikilia noti ndefu, sauti yake ilitetemeka kama kikombe cha chai mkononi mwa mgonjwa.

Mwalimu wa kwaya, Krispini, alirudisha nyuma mara tatu asikie vizuri. Kisha akamgeukia Wilbert.

"Hiyo haitoki kwenye mashine yako kweli?"

"Mashine haidanganyi, mwalimu," Wilbert alijibu. "Inakurudishia ulichoipa."

Jamani, kijana alivyolipenda lile jibu lake! Alikuwa na miaka ishirini na sita, kozi ya miezi mitatu aliyoifanyia Tabora, na ufunguo wa chumba cha kompyuta ambayo padri mmoja mgeni aliiacha alipohama. Mwaka ulikuwa 1999, na katika parokia ile hakuna aliyethubutu hata kugusa kitufe bila kumwita yeye. Ukishazoea kuitwa kila saa, unaanza kujiona huwezi kukosea.

Desturi ya kwaya ilikuwa kwamba anayejadiliwa anasubiri nje, kisha anaitwa ndani kupewa neno. Siku ile walimwita Mama Sikujua ndani, lakini hawakumpa neno. Krispini aliona aibu kulisema, akamwomba Wilbert aweke wimbo tu, mwenyewe asikie. Na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Pudensiana, ambaye Mpanda nzima ilimwita Mama Sikujua, alikuwa ameongoza nyimbo miaka ishirini na miwili, lakini hajawahi hata siku moja kuisikia sauti yake kutoka nje ya mwili wake.

"Huyo ndiye mimi?" aliuliza.

Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Kisha akafungua mkanda mweupe wa waimbishaji, akaukunja mara nne, akauweka mezani.

"Mpeni Hilaria," alisema. "Nimemfundisha, anaweza. Kaseti ya jubilei isiende huko jimboni na sauti ya kizee."

Wiki mbili zilipita, Hilaria akaja kuingiza sauti yake. Binti wa miaka kumi na tisa, kifua kizima, sauti imenyooka. Jenereta la parokia lilikuwa linanguruma nyuma ya stoo, saa nne asubuhi. Wilbert alivaa spika zake za masikioni, akampa ishara, Hilaria akaimba. Alipofika kwenye noti ndefu ya kwanza, ikatetemeka.

Wilbert alidhani binti ana woga. Wakarudia, ikatetemeka vilevile, mahali palepale, kwa mwendo uleule. Akabadilisha maiki. Akabadilisha waya. Akafungua mgongo wa kompyuta, akaichomoa kadi ya sauti, akaipuliza vumbi na kuirudisha. Alijaribu kusema "moja, mbili, tatu" kama alivyozoea kupima, na maneno yakatoka mazima. Ndipo akili ikamjia kwamba maneno mafupi hayawezi kuonyesha kitu. Akavuta pumzi, akasema "aaaa" ndefu, yeye mwenyewe, mwanaume mwenye afya yake. Ikatoka inayumba.

Akafungua kidirisha cha madoido ya sauti. Kadi ile ilikuwa na ufundi wake: unaweza kuipa maiki peke yake mwangwi wa pango, au mwangwi wa ukumbi, au kuifanya sauti moja isikike kama mbili zinazosukumana, na kinachotoka mahali pengine kisiguswe. Kwaya iliingilia tundu jingine, kupitia mikisa ya zamani, ile mashine ya kuchanganyia sauti. Maiki ya mwimbishaji ndiyo iliyoingia huku. Na hapo, mbele ya jina la maiki, palikuwa na tiki.

Aliikumbuka papo hapo. Ijumaa Kuu vijana waliigiza mateso, na walitaka sauti ya Mungu kutoka juu. Katekista Stanslaus alisoma, Wilbert akampa pango, halafu akaongeza ile ya kusukumana ili Mungu asifanane sana na Stanslaus. Kanisa zima lilinyamaza, watoto wakashika magauni ya mama zao. Baada ya Pasaka aliondoa pango. Alidhani ameondoa vyote. Kumbe Mama Sikujua aliimba huku maiki yake bado imetegwa kwa ajili ya Mungu.

Aliiondoa tiki. Akamwambia binti arudie, na noti ikatoka imenyooka.

Krispini alikuwa ameingia wakati huo, amesimama mlangoni.

"Kulikuwa na nini?"

"Waya, mwalimu. Ulikuwa umelegea."

"Umelegea leo?"

Wilbert aliinamia kompyuta. "Leo," alisema.

Hilo neno moja ndilo lililomtafuna. Ile sentensi ya kwanza aliisema kwa kujidai tu, na mtu anayejidai unaweza kumsamehe. Lakini hii "leo" aliisema akijua. Kaseti ikaenda jimboni, ikasifiwa, Krispini akamshika bega mbele ya watu, na yeye akatabasamu kwa meno tu.

Mama Sikujua aliuza dagaa wa Karema pale sokoni Kashaulili. Zamani ungemtambua kabla hujamwona, kwa sababu alikuwa akiimba huku anapepeta dagaa wake, na wenye meza za jirani waliitikia. Sasa meza yake ilikuwa kimya. Kanisani alikaa benchi la nyuma, midomo inacheza, hakuna kinachotoka. Wilbert alianza kuzunguka kupitia mtaa wa Majengo ili asikatize sokoni, mwendo wa kuongeza robo saa nzima. Siku alizokosa namna akapita, yule mama alimwita, akamjazia nyongeza kwenye karatasi.

"Nilikuchosha siku ile ya kurekodi, mwanangu," alimwambia mara moja. "Ulirudiarudia kwa ajili yangu, na kumbe tatizo ni mimi."

Wilbert alikwenda na wale dagaa hadi nyumbani, wakamshinda kula. Roho ilimsuta usiku na mchana. Alijiambia ataliweka sawa wiki ijayo, na wiki ijayo akajiambia vilevile, mpaka mwezi wa tisa ukaingia. Alhamisi moja asubuhi akapiga moyo konde. Alikata shauri kumwambia mama kwanza, kisha Jumamosi asimame mbele ya kwaya nzima aseme yote. Aliona kabisa akilini watakavyomrudisha Mama Sikujua mbele, na yeye mzigo utakavyomshuka.

Alimkuta anapanga mafungu. Akasema kwa mkupuo mmoja, bila salamu ya maana: maiki, tiki, Ijumaa Kuu, Stanslaus. Mama Sikujua hakuelewa habari za kadi, ila kiini alikielewa.

"Kwa hiyo haikuwa mimi."

"Haikuwa wewe, mama. Hata mimi iliniyumbisha. Hata Hilaria."

"Ulijua lini?"

"Siku alipokuja Hilaria."

"Mwezi wa tano, hiyo."

"Ndiyo, mama."

Wilbert alitamani atukanwe, arushiwe hata kopo la sado la dagaa, watu wajae. Mama Sikujua akawafunika dagaa wake kwa kanga, akamwomba jirani amwangalizie.

"Twende," alisema. "Nataka kuisikia ikiwa nzima."

Walikwenda parokiani, kwenye chumba cha kompyuta. Wilbert aliwasha jenereta, akafungua kompyuta, akakagua kidirisha mara mbili. Hapakuwa na tiki yoyote. Akamweka mama mbele ya maiki, akavaa spika za masikioni, akatoa ishara. Mama Sikujua akafumba macho, akaanza wimbo uleule.

Mwanzo ulikuwa mzuri, na Wilbert karibu alie kwa furaha. Kisha ikaja noti ndefu. Alimwona anaikaribia kwa tahadhari, mabega yamepanda, anaishika kidogo, anaiachia, anaishika tena, anasikiliza kama imeanza. Ilianza. Ilitetemeka.

"Samahani, mama. Rudia kidogo."

Akarudia. Wilbert akakagua kidirisha, akabadilisha maiki, akabadilisha waya. Akasema "aaaa" yeye mwenyewe, ikatoka imenyooka kama ubao. Akamwomba mama arudie mara ya tatu, na safari hii alivua spika za masikioni, akamsikiliza kwa masikio yake tu, bila mashine katikati. Mtetemo ulikuwa palepale, kooni kwake. Miezi minne ya kuiogopa sauti yake ilikuwa imemfundisha kuimba vile alivyosikia siku ile ofisini.

"Vipi?" aliuliza mama. "Niwekee nisikie."

"Kadi bado inasumbua, mama." Wilbert alijisikia akisema hivyo, na akajichukia. "Nipe siku mbili niitengeneze."

Mama Sikujua hakuinuka.

"Siku ile ilipotetemeka uliniwekea mbele za watu sita," alisema taratibu. "Leo tuko wawili tu."

Wilbert akachomeka spika za mezani, akaweka wimbo. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, na hakuuliza huyo ni nani.

"Hiyo sasa ni yangu," alisema.

"Nisamehe, mama. Jumamosi nitasimama, nitawaambia wote. Krispini, kamati, wote."

"Hapana."

"Lazima niseme, mama. Siwezi kuendelea hivi."

"Utaendelea." Hakupaza sauti. "Ukiwaambia, watanirudisha mbele. Watanipigia na makofi. Halafu nitafungua mdomo, na wao watasikia hii. Unataka nikatetemeke altareni ili wewe upate usingizi?"

Alisimama, akajifunga kitenge vizuri. Mlangoni aligeuka.

"Zima hilo jenereta, mafuta yanakwisha bure," alisema, akaenda zake sokoni. Jumamosi Wilbert alikaa mwisho wa benchi, Hilaria akaimba, Krispini akauliza kama kuna mwenye neno, naye akanyamaza.