Majivu ya Endebess

Kibiwott alipewa achunguze kisima cha Endebess, mimi nikatupiwa cha Naitiri. Hapo ndipo roho ilipoanza kuniuma. Tulisoma darasa moja, tukaajiriwa ofisi moja ya utafiti wa miamba hapa Kitale, na sasa nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea uzamifu ilikuwa moja tu.

Kazi zetu zilifanana. Chini ya visima vyote viwili kuna tope la ziwa lililokauka kabla ya kuwako binadamu. Ukiteremsha kipimo shimoni, udongo wa mfinyanzi hupandisha mstari, mchanga huushusha, nawe unapata mchoro wa mawimbi. Dunia huyumba kama pia ya mtoto inayozunguka: kila miaka elfu ishirini hivi, mvua huzidi na ziwa hujaa mfinyanzi, kisha hupungua na mchanga huingia. Njia yake ya kulizunguka jua nayo hubadilika kila miaka kama laki moja. Kwa hiyo ukikuta mawimbi madogo matano ndani ya kila wimbi kubwa, umeipata saa ya mbingu. Gawanya unene wa wimbi kwa miaka yake, ujue tope lilijaa kwa kasi gani.

Naitiri ilinipa matatu hapa, sita pale. Endebess ilimpa Kibiwott matano, matano, matano, isipokuwa sehemu moja iliyokuwa na saba.

"Hiyo ni mashine tu ilikuwa inasumbua, bana," alisema ofisini huku akicheka, na kila mtu akacheka naye. Kila mtu hucheka na Kibiwott.

Mimi sikucheka. Niliukodolea macho mchoro wake kuliko wangu, mpaka nikaona kwamba mawili kati ya yale saba yalikuwa membamba, yenye ncha kali. Majivu! Mlima Elgon ulilipuka, majivu yakatua ziwani kwa siku chache, na kipimo huyasoma kama udongo wa mfinyanzi. Yeye aliyahesabu kuwa miaka elfu arobaini. Nikalifungia jambo hilo moyoni hadi Bungoma, siku ya usaili, tulipowasilisha kazi zetu mbele ya jopo moja.

Alipomaliza, niliinua mkono. "Si Endebess iko chini ya mlima? Majivu umetoa, ama umehesabu tu?"

Kibiwott akautazama mchoro, jasho likamtoka. Nilifurahi. Nilifurahi sana.

"Wacha atoe sasa hivi, tuone," akasema Daktari Jaspreet, mwenyekiti wa jopo.

Akayatoa. Saba ikawa tano. Kisima kizima, juu hadi chini, tano bila kasoro: milimita moja ya tope kila miaka kumi. Wakampigia makofi. Mimi niliyatoa majivu ya Naitiri tangu mwanzo, na bado nilibaki na tatu zangu na sita zangu.

Nafasi akapewa yeye. Akanikimbilia nje, machozi yakimlengalenga.

"Linet, umeniokoa. Wengine wote walikuwa wananisifu tu. Hakuna mtu amewahi kusoma kazi yangu hivyo."

Kweli, hakuna.

"Sasa nikienda, si nikuwe nakutumia kila kitu usome kwanza?"

Nikamwambia atume. Nitasoma kila mstari.