Viganja Viwili vya Matunda

Bi Ulimi alichukua kipande cha embe kutoka kwenye trei ya saba, akakikunja katikati. Kilipinda vizuri bila kuvunjika, na alipokibana kwa vidole hakikutoa hata tone la maji. Mtu mwingine angeridhika hapo. Yeye alikitia mdomoni, akafumba macho, akatafuna polepole.

"Bado nusu saa," alisema.

Mwanamke wa mizani, aliyekuwa akifunga mifuko kwenye meza ya pili, akacheka. "Nusu saa umeijuaje? Embe limekunong'oneza?"

"Katikati bado lina umajimaji. Ukilifunga hivi, wiki mbili zijazo mteja atafungua mfuko akute ukungu, na aibu itakuwa yetu sote."

Trei ikarudishwa kwenye kikaushio. Hakuna aliyebishana. Katika karakana ile ya kukausha matunda walimwita Bi Ulimi, wala si kwa umbeya. Mambo ya watu hakuwa na habari nayo. Ila kwa miaka kumi na tisa hakuna trei iliyofungwa kabla yeye hajaionja. Trei ishirini na nne kwa siku, kipande kimoja kila trei. Na pale hakuna aliyeita kule kuonja kula. Mtu alisema "nimepima trei," kama vile mwenzake wa mizani alivyosema amepima mfuko. Kula ni jambo lingine kabisa. Kula kunataka sahani na kukaa kitako.

"Leo ndiyo siku yako, eti?" mwanamke wa mizani aliuliza, safari hii bila mzaha.

"Saa nane."

"Umepungua. Naona usoni."

"Usinifariji, dada. Mizani unazijua wewe kuliko mimi. Haziangalii uso."

Goti lake la kulia lilikuwa limekwisha. Daktari wa mifupa alisema linaweza kupasuliwa na kutengenezwa, ila hamgusi mpaka ashuke chini ya kilo tisini, na akampa miezi mitatu. Asipofika, jina lake linatoka kwenye orodha, na orodha mpya ni ya mwakani. Mwakani mbali. Kazi yake ni ya kusimama kutwa, na nyumbani kwao ni ghorofa ya pili, ngazi thelathini na mbili ambazo siku hizi alizipanda akiongea nazo. Mwezi wa kwanza alipimwa kilo tisini na saba. Mwezi wa pili, tisini na nane. Leo ulikuwa wa tatu, na roho ilikuwa juu juu tangu alfajiri.

Lililomnyima usingizi zaidi lilikuwa lingine. Karatasi aliyopewa na mtaalamu wa lishe aliifuata neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la kwanza. Soda aliacha. Mkate aliacha. Mumewe, ambaye ni fundi cherehani, ndiye aliyepika tangu goti lilipoanza, naye alimpimia wali kwa kikombe. Halafu fundi huyohuyo akalazimika kufumua kiuno cha sketi yake ya kazini na kukiongeza, mara mbili. Hakumgombeza. Alishona tu, kichwa chini, midomo imebana pini, na siku moja alipozitoa pini alisema, "Mke wangu, mwili hauvimbi kwa hewa."

Kauli hiyo ilimkaa kifuani kama mwiba wa samaki.

Alivua aproni, akanawa mikono, akapita kwenye beseni la vipande vilivyokatwa vibaya, vile visivyouzwa. Karatasi ilisema: *Badala ya vitafunwa, matunda, viganja viwili kwa siku.* Akachota viganja viwili, si kimoja na nusu wala viwili na kidogo, akavifunga kwenye mfuko mdogo na kuutia kwenye pochi. Sheria ni sheria.

Mumewe alikuwa akimsubiri nje ya kliniki, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni. Alikuwa ameisahau. Bi Ulimi alimvua, akaikunja, akamtilia mfukoni mwa shati, na kwa muda huo mfupi walikuwa kama zamani.

Chumba kilikuwa kidogo, cha meza moja na viti vitatu. Mtaalamu wa lishe alikuwa binti mwembamba, wa umri wa mtoto wao wa mwisho, mwenye sauti ya upole ambayo Bi Ulimi alikuwa ameanza kuiogopa. Alivua viatu. Akavua saa. Angeweza angevua na hereni. Akapanda.

"Tisini na nane na nusu," binti alisema.

Fundi aliangalia dari.

"Keti, mama." Binti aliweka kalamu chini. "Hapa hatumgombezi mtu. Lakini nisaidie nikusaidie. Niambie ukweli."

"Mwanangu, ukweli nimeusema mpaka umenikauka mdomoni."

"Chakula napika mimi," Fundi alidakia. "Jioni wali kikombe kimoja, mboga, kipande cha samaki. Asubuhi yai moja na chai isiyo na sukari. Namwekea, anakula, ananishukuru. Hizo kilo zinatoka wapi, mimi sijui."

Alisema "sijui" kama mtu anayejua. Bi Ulimi alihisi machozi yakimpanda, akayameza. Mwanamke wa miaka hamsini na sita halii mbele ya mizani.

"Sawa," binti alisema. "Na kati ya mlo na mlo?"

"Maji."

"Maji tu?"

"Maji, na matunda. Si uliniandikia mwenyewe? Viganja viwili."

"Vizuri. Matunda gani?"

Bi Ulimi alifungua pochi, akatoa ule mfuko mdogo na kuuweka mezani, kwa fahari kidogo, kama mtu anayetoa risiti.

Binti aliuvuta kwake. Alifungua mfuko, akatoa kipande kimoja, akakigeuza mwangani.

"Mama unafanya kazi wapi?"

"Kwenye kukausha matunda. Hii kazi ya mikono yangu. Hivi nimevichota kwenye beseni la vilivyokatwa vibaya."

"Mnaongeza sukari?"

Swali hilo lilimchoma kikazi. "Sukari? Kwetu hakiongezwi kitu! Embe tupu na joto. Anayetia sukari ni yule asiyejua kuchagua embe."

"Naamini. Sasa nifundishe. Embe moja linatoa vipande vingapi hivi?"

Bi Ulimi alijinyoosha kitini. Tangu aingie chumba kile, hilo ndilo swali la kwanza ambalo jibu lake alilijua yeye. "Vinne. Maembe yetu ni madogo. Zinaingia kilo kumi, inatoka kilo moja. Wateja hulalamika, mbona mfuko mdogo hivi? Nawaambia, ndugu zangu, hamjapunjwa. Maganda na kokwa tumetupa, na kingine kilichoondoka ni maji tu. Utamu wote umebaki hum..."

Alitazama mfuko. Alitazama viganja vyake, vyote viwili, vimelala mapajani. Kiganja kimoja vipande vinane. Vipande vinane ni maembe mawili. Hesabu hii aliifanya kila siku ya Mungu kwa ajili ya watu wengine, akisimama pale na aproni yake, na hata siku moja haikumpitia akilini kwamba yeye naye ana tumbo.

"Viganja viwili ni maembe manne," alisema taratibu.

"Ndiyo, mama."

"Na trei je?"

"Trei zipi?"

"Za kuonja. Ishirini na nne." Sauti ilimwisha nguvu. "Hizo ni maembe sita. Jumla kumi. Fundi, nimekula maembe kumi kila siku, na sita kati yake nimeyala nimesimama."

Binti alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka huku amejiziba mdomo. "Samahani, mama. Kosa ni langu pia. Niliandika 'matunda' nikiwaza matunda yenye maji yake. Sikukuuliza unashinda wapi."

"Kwa hiyo sikudanganya?"

"Hukudanganya hata kidogo."

Bi Ulimi alishusha pumzi ndefu, ya miezi mitatu. Hakumtazama mumewe. Alitaka maneno yale yamfikie yenyewe, yamkalie. Kisha hofu nyingine ikamjia, akaushika ukingo wa meza.

"Sasa itabidi niache kazi?"

"Kwa nini?"

"Nisipoonja, pale mimi nitakuwa nani? Goti litapona nikae nalo nyumbani?"

"Nani amesema uache?" Binti alivuta karatasi mpya. "Matunda makavu si sumu. Yana nyuzinyuzi, yanashibisha, na kipande chake ni afadhali mara kumi kuliko biskuti. Ubaya wake ni mmoja, ni madogo kwa macho. Mtu hawezi kukaa akala maembe kumi, lakini vipande arobaini vinateleza tu. Kwa hiyo wewe posho yako ni vipande sita kwa siku. Ukisikia njaa, kula embe zima, lenye maji yake, lipate nafasi tumboni."

"Sita? Nina trei ishirini na nne."

"Niambie wewe. Ulimi wako unahitaji kipande kizima ili ujue?"

Bi Ulimi alifikiri kwa haki, kama fundi anayeulizwa na fundi. "Robo inanitosha. Hata chini ya robo. Mengine yote ni mazoea."

"Basi kata robo. Robo ishirini na nne ni vipande vingapi?"

"Sita," walisema wote watatu, hata Fundi, ambaye hakuwa ameulizwa.

"Posho yako ndiyo kazi yako. Ukimaliza trei, umemaliza. Na lile beseni la vilivyokatwa vibaya lipite mbali." Binti alikuwa tayari anaandika. "Daktari wa mifupa namweleza kwamba chanzo kimejulikana. Jina lako halitoki, nitampigia mwenyewe leo. Njoo baada ya wiki nane, na ninavyokuona, utashuka mpaka mwenyewe ushangae."

Njiani kurudi hawakuongea sana. Fundi alimbebea pochi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Jua lilikuwa bado kali, watoto walikuwa wakitoka shule, na Bi Ulimi alichechemea mwepesi kuliko alivyokwenda, ingawa goti lilikuwa lilelile. Walipofika ngazi ya kumi na sita, hapo kwenye kona, alikaa chini kupumzika kama kawaida yake. Fundi, ambaye kawaida yake ilikuwa kutangulia juu kufungua mlango, alikaa naye, ngazi moja chini yake.

"Nilikuwa nahesabu mayai," alisema.

"Mayai gani?"

"Ya jikoni. Kila asubuhi, ukishaondoka. Na mkate wangu naficha kwenye sanduku la vitambaa." Aliangalia viatu vyake. "Yamekuwa sawa siku zote, yale mayai. Nikaona labda unakula kwa watu. Nisamehe, mke wangu."

Bi Ulimi alitaka kucheka, lakini kilichomtoka kwanza hakikuwa kicheko. "Afadhali wewe ulinishuku mimi. Mimi nilijishuku mwenyewe. Nilidhani nakula usingizini."

"Usingizini?"

"Ningefikiri nini? Nafuata karatasi, naongezeka. Nikachukua uzi kwenye kopo lako, nikaufunga mlangoni mwa jikoni, huku na huku, chini karibu na sakafu, kabla ya kulala. Nikasema kama naamka kula, nitaukata." Alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Asubuhi nikaukuta umekatika. Wiki tatu sasa, Fundi. Wiki tatu najua kwamba naamka usiku kama mwizi na sikumbuki. Nilikuwa nanusa vidole vyangu asubuhi."

Fundi aligeuka polepole. "Uzi mweusi?"

"Mweusi."

"Wa pamba au wa nailoni?"

"Mimi nitajuaje?"

"Ulininasa kwenye kidole gumba cha mguu. Niliamka kunywa maji. Nikajua nimeuburuza kutoka kwenye cherehani, nikautoa, nikautupa hapohapo, nikarudi kulala."

Kisha Bi Ulimi akaanza kucheka, kwanza mabega, halafu tumbo, halafu mwili wote na kilo zake tisini na nane na nusu. Akashika ukuta asiteleze. Fundi naye akashindwa, akalaza paji la uso kwenye goti la mkewe, lile zima, na akacheka humo humo kwenye sketi aliyoipanua mwenyewe mara mbili. Jirani aliyekuwa akishuka na ndoo aliwaruka kwa adabu, akawatakia jioni njema, hakuuliza.

Walipotulia, Bi Ulimi aliegemeza kichwa ukutani.

"Nasikia njaa," alisema.

Miezi mitatu hakuwa amelitamka neno hilo mbele ya mumewe. Mtu anayeshukiwa atasemaje ana njaa? Sasa lilimtoka tu, na halikumtia haya.

Fundi alinyanyuka, akajipangusa vumbi la ngazi, akamnyooshea mkono. Huko juu mtu alikuwa akikaanga vitunguu, na harufu ilikuwa ikiwashukia ngazi kwa ngazi. Bi Ulimi hakuushika ule mkono mara moja. Alikaa kidogo, macho amefumba, akaivuta ile harufu kwa pua mpaka ndani.